JINSI YA KUFICHA TANKI, MITA NA CHEMBA BILA KUJITAFUTIA BALAA

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna jambo naulizwa sana na vijana wenzangu, hasa wale wanaotumwa na wazee wao, "hebu pendezesheni uwanja kabla wageni hawajafika." Vile vitu vya kuudhi macho vilivyojaa uwanjani, mtu unavifichaje? Nazungumzia simtanki, mita ya maji, mita ya LUKU, chemba ya choo, ungo, jenereta, mtungi wa gesi, na ile nguzo iliyosimama palepale ulipotaka kupanga viti.

Nimegawa kwa vichwa vidogo. Kama uko kafe na dakika zako zinayoyoma, soma kisa na kile kipande cha ufito, halafu shuka moja kwa moja kwenye kitu chako.

KISA CHENYEWE

Nyumbani kwetu ni Iringo, hapa mjini Musoma. Dada yetu alipokuwa anaandaliwa send-off, mimi ndiye niliyepewa kazi ya uwanja. Ukutani upande wa jiko la nje kulikuwa na mita ya umeme, na chini yake kiboksi cha meni swichi, na waya umening'inia kutoka hapo kwenda jikoni. Kwa kweli palikuwa pabaya. Nikatafuta wavu chakavu wa sangara, nikautundika kuanzia darini mpaka chini, nikapanda pasheni miche miwili. Mwaka haujaisha ukuta wote umekuwa kijani. Watu wakasifia, na mimi kichwa kikavimba.

Zikaja mvua za masika. Usiku mmoja tukasikia mlio kama wa mafuta yanayokaanga samaki. Kutoka nje tunaona cheche zinaruka pale waya unapogusa bati la jiko. Mama akasema zimeni meni swichi haraka. Nikakimbilia ukutani na tochi ya simu. Sioni kiboksi! Nimeshika majani tu na wavu, na mvua inanyesha. Nikachukua panga. Mama akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia: "Weka panga chini, mwanangu! Huko ndani kuna waya!"

Mdogo wangu ndiye aliyepenyeza mkono akipapasa. Akaipata swichi, akazima. Lakini ndani ya ile pasheni nyigu walikuwa wamejenga. Walimng'ata uso na mkono, jicho lilifumba siku tatu. Baba hakunigombeza. Asubuhi alisimama pale akatazama, akasema, "Umeficha vizuri, hata sisi wenyewe umetuficha." Basi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kitu kimoja, na makala yote hii ni hicho kitu kimoja: FICHA MACHO, USIFICHE MKONO. Kitu kisionekane ukiwa umekaa na wageni, lakini wewe, fundi, msoma mita au mtoto wa miaka 12 aliyeachwa nyumbani aweze kukifikia usiku, gizani, mvua ikinyesha. Njia rahisi ya kupata vyote viwili ni kupanda KARIBU NA MACHO badala ya kupanda juu ya kitu chenyewe.

KIPIMO CHA UFITO

Hapa naomba umakini kidogo, ni hesabu ya darasa la saba tu.

Mtu aliyekaa kwenye kiti, macho yake yako kama mita 1.1 kutoka chini. Tuseme tanki lako liko mita 15 kutoka kwenye viti, na kichwa cha tanki kiko mita 4 juu. Ukitaka kulifunika kwa mmea uliopandwa palepale kwenye tanki, unahitaji mmea wa mita 4, yaani unapanda mti na unasubiri miaka. Lakini ukipanda mita 3 tu mbele ya viti, mmea wa mita 1.7 unatosha kulifunika lote. Upana nao vilevile: tanki lenye upana wa mita 1.5 linazibwa na kichaka cha sentimita 30.

Huhitaji kupiga hesabu kila mara. Kaa kwenye kiti, mdogo wako asimame mbele yako na ufito, asogee huku na huku mpaka ncha ya ufito ifike juu ya tanki. Weka alama ya kigingi pale aliposimama, pima ufito. Hicho ndicho kimo cha mmea wako. Rudia kwa viti viwili vitatu ili ujue kichaka kiende upana gani, maana wageni hawakai wote mahali pamoja.

Ni kweli aliyesimama getini bado ataliona tanki. Sawa tu. Getini mtu anapita, barazani ndiko anakaa saa nne.

Mimea inayofaa kwetu: mbaazi inakua haraka, msimu mmoja tu imeshakuzidi urefu, na unakula. Mchaichai unashika kimo cha kiunoni na kuendelea kidogo, unafaa kuzibia vitu vifupi, na chai unapata. Bogenvilia ni nzuri ila ina miiba, kwa hiyo kaa nayo mbali na kitu chochote kinachoshikwa kwa mkono. Minyaa, ile tunayozoea kuiona kwenye nyua za zamani mkoani kwetu, naomba isiwe karibu na sehemu ya kupita au ya watoto kucheza. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni si mchezo, unaweza kuumiza jicho vibaya.

Na usisahau mawe. Musoma na Butiama Mungu ametupa mawe ya matale, mengine makubwa kuliko nyumba. Kama kiwanja chako kina jiwe, usikimbilie kulipasua. Tanki au jenereta nyuma ya jiwe halihitaji kupaliliwa wala kumwagiliwa.

1. SIMTANKI

Kwanza, usilichukie kwa weusi wake. Rangi nyeusi inazuia mwanga kuingia ndani, na bila mwanga ule ukijani wa majini hauoti. Pia inasaidia plastiki isiharibiwe haraka na jua. Kulipaka rangi nyingine ni kupoteza pesa, rangi ya kawaida haishiki vizuri kwenye plastiki ya aina ile, baada ya muda inabanduka magamba na tanki linakuwa baya kuliko mwanzo.

Pili, wengine wanashusha tanki chini ili lisionekane. Fahamu unachopoteza: kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya bar 1 hivi, kwa hiyo tanki lililo mita 3 juu ya bomba lina bar 0.3 tu. Hiyo inatosha kujaza ndoo na kuoga kwa utaratibu. Ukilishusha mpaka chini, bomba la bafuni litakojoa tone tone na utalazimika kununua pampu.

Tatu, uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani 1, la lita 5,000 ni tani 5. Nimewahi kuona mtu anachimba bustani ya maua kuzunguka msingi wa mnara wa tanki. Usichimbe hapo, na usipande mti wa mizizi mikubwa kama mkuyu au mfikusi. Kama unataka kuzungushia mabanzi au matete, acha nafasi ya sentimita 60 kila upande ili mtu apite, na mlango wa kufikia koki ya kuoshea tanki. Mfuniko ufungwe vizuri wakati wote. Kanda yetu ya ziwa malaria tunaijua, hatuna haja ya kufuga mbu juu ya paa.

2. MITA YA MAJI

Hii ni fupi, iko chini, ndiyo rahisi kuliko zote. Ijengee kisanduku cha tofali chenye mfuniko unaofunguka kwa mkono mmoja, halafu upande mchaichai mbele yake, upande unaotazamwa na watu. Upande wa nyuma uache wazi. Kuificha kuna faida nyingine, wezi wa vyuma chakavu hawaioni wakipita.

Ila msoma mita lazima aione. Asipoiona anaweza kuandika makadirio, na ukianza kubishana na makadirio utakuja kuniambia. Ndani ya kisanduku palilia kila mwezi, ukiona pamelowa wakati mvua haijanyesha ujue bomba linavuja. Mita iliyofunikwa na udongo na maua inaweza kuvuja miezi sita na wewe unalaumu bili.

3. MITA YA LUKU NA MENI SWICHI

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakuwa mkali. Hakuna mmea unaotambaa, hakuna wavu, hakuna matete, hakuna pazia. Nailoni na matete makavu vinashika moto, na majani mabichi ni nyumba ya nyigu na nyoka. Mbele ya mita na swichi paachwe wazi kabisa kiasi cha mtu kusimama na kunyoosha mikono, mita 1 hivi.

Unachoweza kufanya: kiboksi kipakwe rangi ileile ya ukuta, waya zinazoning'inia ziingizwe kwenye bomba na fundi mwenye leseni, halafu tumia kipimo cha ufito, panda kichaka karibu na baraza. Mita yenyewe na sili zake usiguse, usipake rangi, usihamishe. Ile ni mali ya TANESCO, ukitaka isogezwe peleka maombi ofisini kwao.

Mnaosema "mita naishika ya nini, umeme nanunua kwa simu," mnakumbuka mwaka 2024? Mfumo wa kimataifa unaotumika kwenye LUKU, unaoitwa STS, ulikuwa unafikia mwisho wa kuhesabu tarehe zake Novemba 24, 2024. Mita zikahitaji kusasishwa kabla ya siku hiyo. Kipindi kile ukinunua umeme ulikuwa unaletewa makundi matatu ya namba, kila moja tarakimu 20, unabonyeza moja moja. Sasa fikiria tarakimu 60 huku miiba ya bogenvilia inakuchoma shingoni. Wenye kile kidude cha kubonyezea ndani ya nyumba walipona, lakini meni swichi bado ni ya kushika kwa mkono.

4. NGUZO NA WAYA WAKE

Nguzo haifichiki, tukubali yaishe. Dawa yake ni kugeuza viti vitazame upande mwingine, kwenye ziwa, kwenye mlima Mukendo, kwenye jiwe, popote. Ule waya wa mshazari unaoshikilia nguzo ndio unaowatega watu, unaonekana kama umewekwa makusudi kwa ajili ya maua. Usipandishe kitu hapo. Mmea unaotambaa hausimami njiani, utapanda mpaka kwenye nyaya za juu, na majani yaliyolowa yanapitisha umeme. Ukikuta tayari umefika juu, usiuvute wala kuukata, toa taarifa TANESCO.

5. CHEMBA NA SHIMO LA MAJI TAKA

Hii ndiyo inayoua, msiipuuze. Kosa la kwanza ni kufukia mfuniko kwa udongo na kupanda nyasi juu. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka ulipo. Siku gari la kunyonya maji taka limefika, mnachimba uwanja mzima kwa sururu. Kosa la pili ni baya zaidi, mfuniko wa bati au mbao uliooza, juu yake maua mazuri, na mtoto anakimbilia mpira. Mfuniko uwe wa zege lenye nondo, ukaguliwe kila mwaka.

Namna nzuri: weka juu ya mfuniko vyungu vya maua vinavyobebeka na mtu mmoja. Panda ukoka kuzunguka, mizizi yake haiendi mbali. Miti mikubwa isogee, mizizi hufuata maji na hupasua mabomba. Mchicha na mboga za kuliwa mbichi visipandwe juu ya shimo hilo. Migomba inafaa pale maji ya bafuni tu yanapotokea, inayanywa na majani yake yanaziba ukuta wa bafu. Hiyo wazee wetu waliijua siku nyingi.

Bomba la kupumulia lililosimama refu kama bunduki usilikate, usilizibe, usilivishe mmea. Linatoa gesi za shimoni. Lipake rangi ya ukuta, basi. Na kitu kikidondoka shimoni, hata kama ni simu ya bei gani, MTU ASIINGIE. Gesi za mle zinamwangusha mtu ndani ya muda mfupi, na anayeingia kumwokoa anaanguka naye.

6. UNGO

Hapa Musoma tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 34 mashariki, kama kilomita 165 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo iko karibu juu ya utosi wetu, na ungo wake unatazama mbinguni kama sinia. Maana yake unaweza kuushusha chini, nyuma ya ukuta mfupi au kichaka, na picha isipotee, mradi juu pawe wazi. Shida yake ni kwamba unakinga mvua na majani. Fundi akutobolee tundu dogo mahali panapotuama maji, na uwe unaufuta.

Azam wao wako nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ungo unatazama magharibi, lakini bado umeinuka sana, kama nyuzi 58. Ukuta unaouzidi ungo kwa mita 1 hausumbui kama ungo uko mita 1 au zaidi kutoka kwenye ukuta. Mwembe upande wa magharibi ndio adui yako.

7. JENERETA NA MTUNGI WA GESI

Jenereta usilijengee kibanda kilichozibwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa wamelala. Liwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango, chini ya paa dogo la mvua, pande zikiwa wazi. Kichaka cha kuziba macho kiwe karibu na baraza, si karibu na bomba la moshi.

Mtungi wa gesi ya kupikia ni kinyume kidogo. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama chini. Kwa hiyo usiuweke kwenye shimo wala kwenye kisanduku kilichozibwa chini. Kizimba cha nondo au mbao zenye nafasi, wazi juu na chini, kivulini, mbali na mifereji na chemba. Na mtu aweze kufunga koki bila kutafuta ufunguo.

Wenye AC na sola: kile kiboksi cha nje cha AC kinahitaji hewa, kiachie nusu mita kila upande. Sola usiifiche kabisa, hata kivuli cha tawi moja kinapunguza umeme.

KABLA HUJAPANDA, JIULIZE

- Naweza kukifikia gizani kwa hatua chache bila panga?
- Kinahitaji hewa, jua au anga? Nimekiachia?
- Anayekuja kukisoma au kukitengeneza atakiona bila kuniuliza?
- Mmea huu baada ya miaka mitatu utakuwa umefika wapi?
- Kila mtu nyumbani, pamoja na mtoto na dada wa kazi, anajua meni swichi, koki kubwa ya maji na koki ya gesi ziko wapi?

Swali la mwisho lijaribuni kweli. Zimeni taa usiku mmoja, mwambieni mdogo wenu akaguse meni swichi. Sisi tulifanya hivyo baada ya kung'oa ile pasheni. Kiboksi sasa kina rangi ya ukuta, waya uko ndani ya bomba, na mbaazi na mchaichai viko mbele ya baraza, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha Baba. Juzi tumepata ugeni, mzee mmoja amekaa pale barazani karibu jioni nzima, mwisho akauliza, "Hivi lile tanki lenu mlilihamishia wapi?" Halijasogea hata inchi moja.

Wadau wa Bunda na Butiama, na nyie wa pwani na Kenya, nyie mnazibia kwa mmea gani? Na kama kuna fundi umeme humu, nikosoe palipokosewa, sitanuna. Tupeane maarifa hapo chini. Nawasilisha.